Binti Anapoulizwa Swali la Mama

"Je, kwa sasa wewe au mwenzi wako mnafanya jambo lolote, au mnatumia njia yoyote, ili kuchelewesha au kuzuia mimba?"

Swali hilo nimelisoma kwa sauti mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mdodosaji mjini Moshi, nikizunguka Pasua, Njoro, Majengo na Kiboriloni, kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni. Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa: unabisha hodi, unaomba ridhaa, unasoma swali kama lilivyoandikwa, hulipambi wala hulifupishi, unabonyeza jibu, unahamia linalofuata. Mlima ukiwa wazi unautazama huku ukisubiri mtu amalize kuosha vyombo. Ukifunikwa na mawingu, unatazama vyombo.

Majengo nilimkuta binti wa miaka 19, amepanga chumba na mwenzake, anauza duka la nguo mjini. Swali lile alilijibu kabla sijafika kwenye neno "mimba". Hapana. Nikabonyeza Hapana, kishikwambi kikaruka maswali yote ya njia gani, tangu lini, uliipata wapi, tukamaliza mapema. Nilikuwa nafunga zipu ya begi aliponiuliza, sauti ameishusha ili mama mwenye nyumba asisikie: "Dada, eti P2 ukinywa mara tatu kwa mwezi inaua kizazi?" Alimaanisha vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.

Hakuwa amenidanganya. Ilinichukua muda kulielewa hilo. Aliulizwa kama anatumia njia, naye hatumii njia. Anakunywa dawa, siku moja moja, baada ya jambo kutokea. Sisi ndio tuliomuuliza swali lililotungwa kwa ajili ya mama mwenye watoto watatu na mume ndani, kisha tukaandika jibu lake kana kwamba swali lilikuwa lake. Nadhani sehemu kubwa ya tunachodai kukijua kuhusu vijana na uzazi wa mpango, Moshi na kwingineko nchini, imejengwa juu ya kosa hilo moja.

Swali lenyewe lina ukoo. UMATI ya leo, chama cha uzazi na malezi bora, ina asili yake katika chama kilichoanzishwa 1959, na miaka ya 1970 serikali ikaingiza huduma za uzazi wa mpango ndani ya huduma za afya ya mama na mtoto. Mlengwa alijulikana: mwanamke ameshazaa, anataka kupumzika kabla ya mtoto mwingine. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulipofanyika 1991/92, kipimo kikuu kikawa asilimia ya wanawake walioolewa au wanaoishi na mwenza wanaotumia njia ya kisasa. Ilikuwa 7. Ikapanda hadi 20 mwaka 2004/05, 27 mwaka 2010, 32 mwaka 2015/16, na 2022 ikawa 31. Hiyo ndiyo namba inayosomwa kwenye hotuba na kuandikwa kwenye mipango. Kusimama kwake palepale tangu 2015 kungestahili makala yake. Mimi nataka tu msomaji aone kwamba kutoka mwanzo wa mfululizo hadi mwisho wake, binti wa Majengo hayumo.

Wasioolewa wanahesabiwa pembeni, na mlango wa kuingilia huko ni mwembamba. Ili mwanamke asiyeolewa ahesabiwe kuwa anajamiiana, sharti awe amefanya hivyo ndani ya siku 30 kabla ya mahojiano. Sasa chukua binti ambaye jamaa yake ni mwanaapolo wa Mererani, mchimbaji wa tanzanite. Akishuka shimoni hajulikani atatoka na nini wala lini. Akipata mawe anakuja Moshi siku nne, anaweka heshima mjini, anarudi. Huyu binti ukimhoji wiki mbili baada ya ziara, anaingia kwenye hesabu. Ukimhoji wiki ya sita, ameshatoka, na kitakwimu hana hatari wala hitaji lolote. Ukimhoji Januari, baada ya Wachaga wote wa Dar kupanda nyumbani kwa Krismasi na kushuka, unapata mji mwingine kabisa na ule wa mwezi Agosti. Mke anayelala na mumewe kila siku hapimwi na kalenda ya namna hiyo. Vijana wanapimwa nayo, na kalenda yao haifanani na mwezi wa mtu yeyote.

Halafu kuna maneno. Sisi wasema Kiswahili tulipewa "uzazi wa mpango", jina zuri lenye staha, ambalo mtu anaweza kulitaja mbele ya mkwe. Lakini lisikilize kwa sikio la mtu wa miaka 17 au 19. Uzazi upi? Yeye hana uzazi wa kuupanga; ana mimba ya kuikwepa, na hayo ni mambo mawili. Binti mmoja wa Njoro alinijibu, kwa upole kabisa kama mtu anayemsahihisha mgeni: "Hayo si ya wenye ndoa?" Ukienda kituo cha afya, kibao kinasema Afya ya Uzazi na Mtoto. Wazee bado wanakiita kliniki ya mama na mtoto, na yeye si mama wala hana mtoto. Hata "mwenzi" kwenye swali letu lilikuwa na matatizo yake. Wengi walilisikia kama "mume". "Sina mwenzi dada, nina mtu tu." Ukishasikia hivyo huna ruhusa ya kusema basi na huyo mtu wako, unasoma swali upya kama lilivyoandikwa, kwa sauti ileile, kama kanda iliyorudishwa nyuma.

Na "njia" je? Njia ni kitu unachokiingia na kukaa nacho: kijiti, kitanzi, sindano, vidonge vya kila siku. Kondomu kwa vijana ni "kinga", na kinga ni ya ugonjwa. Kumwaga nje ni "kuwa makini". P2 ni "dawa". Mtu anaweza kuwa anafanya yote matatu kwa zamu na bado akakwambia, kwa dhamiri safi, kwamba hatumii njia yoyote.

Ngoja nikae kwenye P2 kidogo, kwa sababu ndiyo hasa inayouzwa, na nimechoka kusikia inazungumzwa kwa minong'ono tu.

Vidonge vile ni levonojestreli, homoni ileile iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya majira, ila kwa dozi kubwa: miligramu 1.5 kwa jumla, ama katika kidonge kimoja ama viwili. Vinatakiwa vimezwe ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ni bora kuliko za mwisho. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Yai likiwa limeshatoka, havifanyi kitu cha maana. Mimba ikiwa imeshatunga, haviitoi. Kwa hiyo yule anayeimeza akidhani anatoa mimba ya wiki tatu amepoteza pesa, na yule mchungaji anayeihubiri kama dawa ya kutoa mimba amekosea somo la baiolojia.

Swali la binti wa Majengo, la mara tatu kwa mwezi, halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kulifanyia utafiti: wanawake wasiokutana na wenzi wao mara kwa mara walipewa vidonge hivyo wavitumie kila wanapokutana, katika nchi nne, Brazil, Hungaria, Singapore na Thailand. Matokeo yalichapishwa 2016. Madhara makubwa hayakuonekana. Malalamiko yalikuwa ya hedhi kuvurugika, kichwa kuuma na mambo ya namna hiyo, na kinga yake ilikuwa ya wastani, chini sana ya kijiti. Kizazi hakifi. Lakini ukitaka kuishi kwa P2 peke yake, unabahatisha zaidi ya mwenye sindano au kijiti, na virusi vya UKIMWI, kisonono na kaswende havijui hata kama umemeza kitu.

Utafiti huo haukufanyika Afrika hata kwenye kituo kimoja, na huku ndiko swali linakoulizwa kila Jumatatu asubuhi kaunta.

Kaunta ndilo neno. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 na baadaye ukasambaa nchi nzima, na Moshi sasa ni nadra kutembea mitaa miwili bila kukutana na duka la dawa. Kijana akiingia pale hahitaji kadi wala foleni. Hakuna benchi la kukaa na jirani yao mwenye ujauzito wa miezi minane atakayemsalimia kwa sauti kubwa. Anasema maneno mawili, au hasemi kabisa, ananyoosha vidole viwili. Anapewa, analipa, anatoka. Mara nyingi aliyetumwa ni mvulana, na pikipiki nje inaunguruma. (Huyu mvulana naye dodoso halina habari naye. Anayehojiwa kuhusu kuzuia mimba ni msichana, wakati aliyeamua, aliyelipa na aliyeichelewesha ile pesa hadi saa ya 60 ni mwingine.)

Watu wa sera watakwambia kituo cha afya kiko wazi kwa kijana. Kwenye karatasi, ndiyo. Tangu miongozo ya 1994 Tanzania inatamka kwamba mtu yeyote aliye katika umri wa kuzaa, kijana akiwemo, aliyeolewa au asiyeolewa, mwenye mtoto au asiye naye, ana haki ya kupata huduma hizi. Lakini uchambuzi uliochapishwa 2000, kwa takwimu zilizokusanywa 1996, yaani miaka miwili tu baada ya miongozo, ulikuta watoa huduma wengi wakiweka masharti yao wenyewe ya umri. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka 20 nilikwenda kituo fulani kuulizia kijiti. Nesi hakunifukuza, hapana. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikasema sina, akaweka kalamu chini. Akaniambia, kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, zaa kwanza mmoja, ndipo uje." Nilimshukuru na kuondoka. Kwenye daftari lake siku hiyo sikuandikwa, kwa kuwa aliyeandikwa ni yule aliyepewa.

Ile "zaa kwanza mmoja" ndiyo hofu yenyewe ikizungumza kwa mdomo wa mtaalamu. Kaskazini hapa, kama kwingi nchini, kuwa tasa ni jambo zito kuliko kuzaa mapema. Mimba ya nje ya ndoa itasemwa mwaka mmoja, mtoto atabebwa na bibi yake kihambani, maisha yataendelea. Ugumba utasemwa hadi kaburini. Kwa hesabu hiyo binti anayekataa sindano hajakosa elimu. Amepima hasara mbili akachagua ndogo. Na hofu yake haikutoka hewani: sindano ya miezi mitatu kweli huchelewesha kushika mimba baada ya kuiacha, wengine miezi mingi, kabla mwili haujarudi kwenye mzunguko wake. Shangazi aliyesubiri mwaka mzima akapata somo, akalipeleka kwa mpwa, ila mwisho wa hadithi, kwamba hatimaye mtoto alipatikana, ulidondoka njiani. Kinachoziba mirija kwa kweli ni kisonono na klamidia zisizotibiwa, na hizo kijiti hakizileti wala P2 haizizuii. Kondomu ndiyo inayozuia, kile kitu ambacho wapenzi huacha wakishaanza "kuaminiana". Hofu ya ugumba, ingeelekezwa mahali pake, ingeuza kondomu kuliko bango lolote. Sijaona dodoso linaloiuliza. Tuna kisanduku kimoja kinaitwa "anaogopa madhara", na humo tumetupa kila kitu, kuanzia kichwa kuuma hadi kutozaa milele.

Tatizo jingine tunalijua wote tuliowahi kushika kishikwambi, na hatulisemi mbele ya wafadhili: watu hawasemi kweli, na wana sababu nzuri.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana, wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na shirika la AMREF na chuo cha afya na tiba za tropiki cha London, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za vijijini: nusu wakapata elimu ya shuleni na huduma rafiki, nusu wakasubiri. Elimu ilipanda. Virusi vya UKIMWI na malengelenge ya sehemu za siri havikupungua kwa kiwango cha kujivunia, hata walipopimwa tena miaka mingi baadaye. Hilo lilisemwa sana. Lililosemwa kidogo ni jambo ambalo watafiti wale waliligundua pembeni, kwa kuwa walikuwa na majibu ya maabara: miongoni mwa vijana ambao vipimo vilionyesha wazi wameshajamiiana, kwa mimba au kwa maambukizi, waliokiri hivyo katika dodoso mbili mfululizo walikuwa asilimia 58 tu ya wavulana na 29 ya wasichana. Mwili umeshasema ndiyo, mdomo unasema hapana, na dodoso linaandika hapana. Wasichana walifunguka zaidi walipokaa na mtu kwa mazungumzo marefu kuliko walipopewa karatasi.

Kabla hujawaita waongo, tazama sheria inayowazunguka. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alikuwa ameaga shule ya serikali. Ndipo Waziri Ndalichako alipotangaza kwamba wanaweza kurudi. Septemba 2018, baada ya Rais Magufuli kuwasema akiwa Meatu watu wanaotumia uzazi wa mpango, matangazo ya huduma hizo redioni na kwenye runinga yalisimamishwa. Katikati ya hayo yote anakuja dada wa kitambulisho, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamuuliza binti wa kidato cha tatu kama yeye na mwenzi wake wanafanya jambo lolote. Akisema ndiyo amemtaja mtu. Ukiwa na miaka 16 na akili timamu, utasema hapana, na utasema haraka.

Na huyo wa miaka 16 huwezi kumfikia moja kwa moja. Chini ya miaka 18, kwa kawaida mzazi au mlezi husaini kwanza, kisha mtoto naye anakubali. Nia ni njema, maana watoto wameshatumiwa vibaya na watafiti katika dunia hii. Lakini fikiria inavyokuwa mlangoni: nakaa sebuleni na mama, namsomea kwamba utafiti unahusu uzazi wa mpango kwa vijana, mama anasaini, anamwita binti, anamtazama. Kabla sijafungua mdomo, mahojiano yameshafanyika. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mtoto wa miaka 15 anaweza kupima UKIMWI bila mzazi kuridhia. Kuniambia kama amewahi kusikia habari za kijiti, anahitaji saini.

Haya yote yanafanya takwimu za mkoa wetu zisomeke kwa tahadhari. Mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshazaa au kushika mimba. 2015/16 ilikuwa 27. Katavi wakati ule ilifika 45. Kilimanjaro imekuwa miongoni mwa mikoa ya chini kabisa, na viongozi wetu wanapenda kuitaja kwenye vikao, kwa shingo ile tunayoinyoosha tukizungumzia shule na kahawa. Shule zina mchango kweli, pamoja na kuchelewa kuolewa. Lakini mkoa unaweza kuwa na wazazi wachache wa miaka 17 kwa sababu wengi wanatumia njia nzuri, au kwa sababu wengi wanakunywa P2, au kwa sababu ya yale yanayofanyika vyumba vya nyuma, na namba ya mwisho ikatoka ileile. Utafiti wa kitaifa ulioshirikisha NIMR, Muhimbili na taasisi ya Guttmacher ulikadiria mimba 405,000 zilizotolewa nchini mwaka 2013 pekee, katika nchi ambayo sheria inaruhusu tu kuokoa maisha ya mama. Hesabu hiyo haikuiruka Kilimanjaro ikaenda mikoa isiyo na shule.

Tuna dalili za ndani pia. Watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, waliwahoji wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu mkoani hapa, wakachapisha 2016. Kondomu, kumwaga nje na kuhesabu siku ndizo zilizotawala. Hawa ni wasomi, wanaoishi hatua chache kutoka hospitali ya rufaa. Kwa matumizi ya kawaida ya binadamu wa kawaida, kondomu huacha mimba takriban 13 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, kumwaga nje 20. Kijiti hakifikishi hata moja. Mtu akiniambia hao wanahitaji "kuelimishwa", nitamuuliza wafundishwe nini wasichokijua.

Najua jibu la wanatakwimu, maana nimelipewa. Swali lisipobadilika ndipo unaweza kulinganisha 1991 na 2022. Ukilichezea, umevunja rula katikati ya kupima. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Hata waandaaji wa dodoso la kimataifa waliona pengo: toleo lao la karibuni, mtu akisema hapana, linamrudia kidogo, eti ili kuhakikisha tu, je, mnahesabu siku, mnatumia kondomu, mnamwaga nje, mnatumia vidonge vya dharura? Ni maboresho ya kweli. Lakini bado ni kiraka kwenye nguo ya mama ili imkae binti.

Rula ya zamani ibaki kwa kazi yake. Kwa vijana tuanze na tukio. Mara ya mwisho mlipokutana ilikuwa lini? Siku hiyo mlifanya nini ili mimba isiingie, kabla au baada? Nani alikwenda dukani, nani alilipa, mlichelewa saa ngapi? Maswali ya namna hiyo hayamtaki binti ajitangaze kuwa mtumiaji wa chochote. Yanamtaka akumbuke Jumamosi. Wavulana waulizwe hayohayo. Wauzaji wa maduka ya dawa waulizwe pakiti ngapi zinatoka kwa wiki, na ngapi zinatoka wiki ya Krismasi, kwa sababu daftari la muuzaji halioni aibu na halina mama sebuleni. Kazi kama hiyo haihitaji ndege wala mshauri kutoka nje. Wanafunzi wa afya ya jamii pale KCMC wangeianza kwa miguu, kutoka Rau hadi Soweto.

Na hakuna wa kumsubiri tena. Mradi mkubwa wa tafiti hizi duniani, uliolipiwa na Marekani tangu 1984, ulikatiwa fedha mapema 2025. Mwaka huohuo shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya karibu dola milioni 10 ilikwama kwenye maghala ya Ubelgiji ikisubiri kuchomwa moto. Kwa hesabu ya IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, humo mlikuwa na sindano zaidi ya milioni 1 na vijiti zaidi ya 365,000 vya Tanzania. Kijiti kikikosekana kituoni, foleni ya kituoni haitoweki, inahamia kaunta. Utafiti ujao, ukija na swali lilelile, utaona watumiaji wamepungua tu, na mtu ataandika kwamba vijana wamepoteza mwamko.

Binti wa Majengo nilimjibu. Nilikaa tena kwenye kiti, nikamweleza nilichokijua, kizazi, saa 72, kijiti, kondomu, akaenda kuchukua daftari akaandika mbili tatu. Tulitumia kama nusu saa. Kishikwambi kinarekodi muda wa kuingia na kutoka kila kaya, na pale mwisho kuna sehemu ya maoni ya mdodosaji, nikaandika: "Mhojiwa ametumia P2 mara kwa mara, ana maswali." Jioni msimamizi alinipigia. Aliuliza kwa nini kaya ile ilichukua muda wakati majibu yote ni Hapana, kisha akanikumbusha kwamba sehemu ya maoni ni ya matatizo ya kufikia kaya tu, kama mbwa, mvua au geti lililofungwa. Nikafungua fomu, nikafuta, nikaandika: "Hakuna."